Chupa Dirishani

Septemba, mvua ya kwanza, niliteka maji ya mto
chini ya daraja la mbao, nikayatia kwenye chupa ya soda,
nikaiweka dirishani kwangu, hapa Panzi.
Asubuhi maji yalikuwa juu
na chini vidole vitatu vya udongo.
Niliujua udongo ule,
mwekundu, wenye chembe za mkaa:
shamba la shangazi Ntakwinja, kule mlimani,
limeshuka Bukavu kunitembelea
bila kupiga hodi.

Nilimpelekea. Akaipindua chupa, akaitikisa.
"Umeniletea mwaka wangu," akasema.
"Maharage yangu haya. Mbolea ya mbuzi hii,
niliyoibeba kwa mgongo huu."

Sikatai, kulikuwa pia na mradi,
karatasi za mahudhurio, na agronomu kijana, Murhula,
mwenye buti kubwa kuliko miguu yake.
Alifunga fito tatu zikawa kama mlango usio na nyumba,
akaning'iniza jiwe kwenye kamba.
"Jiwe hili halimjui mwenye shamba," akasema,
"linajua tu palipo sawa."
Watu wakacheka. Jiwe likatulia.

Fito zikatembea ubavuni mwa kilima,
kila zilipotua tukapigilia kigingi,
na mstari ukaenda ukijipinda
kama mtu anayepapasa ukuta gizani,
ukavuka mpaka wa Ntakwinja,
ukaingia kwa Zihindula.

Miaka minne hawajasalimiana.
Hatua mbili za ardhi, kesi kwa chifu, mbuzi wa faini,
na neno moja lililosemwa matangani
ambalo sitaliandika.
Tukasimama. Kila mtu akatazama viatu vyake.
Mfereji ukiishia mpakani, maji yatajaa hapo
na yatapasulia hapo hapo.
Kwa hilo hatukuhitaji agronomu.

Zihindula alikuwa anang'oa mihogo, mgongo kwetu.
Hakugeuka. Akasema, kama anaambia muhogo:
"Mkichimba, udongo utupieni juu.
Tuta ndilo litakaloshika."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.
"Umesikia? Tupa juu," shangazi akaniambia mimi,
kwa sauti ya kufika hadi kwenye mihogo.

Jumamosi sita za salongo. Walipanda hata watu wa mjini,
wauza maji na bidoni zao za njano,
mama Cibalonza wa sambaza, aliyechoka
kuchuja maji kwa kitenge mara tatu
na kitenge kubaki na rangi ya tofali.
Juu ya tuta tukapanda majani ya ng'ombe.
Mabua tuliyozoea kuyachoma
tukayalaza shambani, yaoze taratibu, kwa heshima.

Namegabe aliacha wiki ya pili.
"Shamba nimekodi," alisema. "Nimponyeshee nani udongo?"
Hatukuwa na jibu. Bado hatuna.
Mfereji unafika kwake, unakatika, unaanza tena mbele,
na pale katikati kila mvua inafungua kidonda.

Novemba: vidole viwili na nusu.
Machi: viwili, labda nilipima vibaya.
Jana usiku mabati yalipigwa hadi saa tisa,
nikashuka mtoni kabla ya jogoo.
Leo chupa ya mwisho imetulia kando ya wenzake:
kidole kimoja, na kivuli cha kingine.
Si maji ya kunywa. Lakini kupitia kwayo
naona ukuta wa jirani, na nguo zake zilizoanikwa.

Nimempigia shangazi simu.
"Kimoja," nimemwambia.
Amenyamaza. Kisha nimemsikia, mbali na simu,
akipaza sauti kuvuka shamba:
"Zihindula! Kidole kimoja!"

Na kutoka ng'ambo ya tuta, hafifu,
katikati ya upepo na jembe:
"Na hicho kimoja ni cha nani?"