Mengineyo

Miaka kumi na moja mimi ndiye katibu
wa chama chetu cha kuzikana hapa Mabela.
Naandika: Waliohudhuria, kumi na saba.
Wenye udhuru, wanne. Kikao kimefunguliwa kwa dua.
Siandiki kiyoyozi kinavyokoroma,
wala Bi Nasra anavyofunga kipande cha halwa
kwenye pindo la leso, kwa ajili ya mjukuu
anayemjibu kwa Kiarabu tu.

Mkutano wa Rajabu nikasema:
kila mwezi mmoja wetu aandike ukurasa,
jambo lolote alilolibeba.
Vitabu vyetu vimejaa riali na baisa,
sisi wenyewe hatumo.

Lo! Ungedhani nimeomba tuuze kiwanja.
Harith akauliza, tahajia ataisahihisha nani?
Bi Shinuna: Kiswahili kipi? Cha Unguja, cha Pemba,
au hiki chetu cha huku
chenye "yaani" kila baada ya neno la tatu?
Mwenyekiti Suud akagonga meza kwa kalamu:
Ukurasa mmoja. Usizidi. Watu wana kazi.

Hakuna aliyeleta.
Shaabani ikapita mikono mitupu,
Ramadhani tukaisingizia saumu.
Ikafika Mfunguo Mosi, na Bi Thuwaiba,
mwosha maiti wetu,
asiyesema kikaoni ila "naam" na "chumvi imezidi",
akanitilia mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
alivyofunzwa na mamake.
Pamba yake ikasomeka bamba,
chumba kikawa shumba,
nami nikasoma mbele ya watu kwa kujikwaa,
kama avukaye wadi juu ya mawe, viatu mkononi.

*Mwezi wa sita, mwaka juzi.*
*Yule msichana wa kazi aliyetoka hospitali,*
*tukaambiwa jina lake Zaituni, basi.*
*Maji ya tangi yalikuwa yanaunguza bila ya moto.*
*Nikasema, haoshwi hivi, mwenzenu ameshachoka na joto.*
*Tukangoja barafu ya dukani.*

Nilimkumbuka. Nilikuwa nimemwandika mwenyewe:
Mazishi, Amerat, riali sitini na tano.

*Nilipomfungua ngumi ya kushoto*
*palikuwa na nambari ya simu, kwa kalamu ya wino,*
*tarakimu mbili zimeanza kulowa.*
*Kumwosha ni faradhi, na maji hayachagui.*
*Nikatoa wanja kwenye mkoba*
*nikaiandika ukutani, pembeni mwa bomba.*
*Ndipo nikamwaga.*

*Usiku nikapiga. Akapokea mwanamume,*
*nyuma yake jogoo aliyekosea saa.*
*Nikamwambia ninapopigia.*
*Akanyamaza, kisha akasema:*
*Subiri, mama mtu yuko uani, nimwite.*
*Nikasubiri. Nikasikia kandambili zinakuja,*

na hapo ukurasa ukaisha.

Nikageuza. Nyuma kweupe.
Nikatazama tena mbele, labda pembeni,
labda ameandika kwa wima kama watu wa barua za zamani.
Hamna.

Harith hakuuliza tahajia.
Bi Nasra leso ilikuwa usoni, halwa na yote.
Mwenyekiti akaitazama kalamu yake
kana kwamba ameikuta mfukoni mwa mtu mwingine,
akachana karatasi mwishoni mwa daftari la mweka hazina,
ambaye siku nyingine angepiga kelele,
akaisukuma juu ya meza, ikapita baina ya vikombe.

"Ulisema mmoja," akasema Bi Thuwaiba.
Hakusema kwa lawama. Alikuwa anakumbusha kanuni.

"Nilisema," akajibu Suud.

Akavaa miwani. Akaanza kulia, kuelekea kushoto,
polepole, mdomo ukitamka kila herufi kabla ya mkono.
Kahawa ikapoa. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa karibu,
ikafuatia ya mbali.

Kwenye kumbukumbu nimeandika: Mengineyo.
Saa ya kufungwa kikao
sijaijaza.