Ngege Arobaini

Hakukuwa na ugomvi. Niseme hivyo kwanza,
maana Mukhwana bado anadhani nilimkasirikia
usiku ule wa joka la barafu, aliposinzia kule Webuye
tukafa sote, watu arobaini, kwa pumzi moja.
La. Nilicheka. Kifo kule ni nauli tu:
unalipa, unafufuka makaburini, unarudi mbio.

Miaka minne nilikuwa mganga.
Mwanga wa kijani viganjani, kidole kwenye kitufe cha nne,
macho kwenye mistari ya uhai wa wenzangu
ikishuka na kupanda kama zebaki.
Saiba ya Apondi, Kondele, juu ya duka la mbolea,
kuanzia saa nne usiku, bei ikishapungua,
kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi A imefutika.
Ukoo wetu tuliuita Ngege Arobaini.
Ngege mmoja alikuwa Manila, wawili Aleksandria,
mmoja alidai yuko Brazili
lakini alijua bei ya unga.

Wahenga walisema hakuna refu lisilo na ncha.
Wahenga hawakupata kucheza.
Tulipofika ngazi ya sitini wakaongeza sabini,
tulipotambaa hadi sabini, themanini,
na fimbo niliyoikeshea miezi mitatu
ikaamka asubuhi ya sasisho
ni kuni.

Labda hapo. Labda si hapo.
Nimeitafuta siku yenyewe kama mtu
anayepapasa mifuko ya suruali iliyokwisha kufuliwa.
Nakumbuka tu nilianza kuingia kwa ajili ya zawadi ya siku,
sarafu kumi, ua, sarafu kumi, ua,
kama kutia sahihi kitabu cha rambirambi
kwa marehemu nisiyemjua vizuri.
Kisha nikawa nakaa tu.
Kuna ziwa kule, chini ya mnara wa pili.
Maji yake hayana magugu. Hayana harufu.
Mganga wangu huketi ukingoni, miguu ikining'inia,
na mvua hunyesha kila baada ya dakika ishirini,
haikosi,
hailowanishi.

Usiku mmoja wa Aprili ikaja ya kwetu,
ikitokea Dunga, ikivuka Nyalenda kwa kishindo,
ikapiga mabati ya Apondi hadi spika za masikioni zikawa bure.
Stima ikakatika.
Vijana sita tukabaki na nyuso zisizo na mwanga.
Mmoja akatukana. Mmoja akawasha tochi ya simu.
Apondi akasema, "Pesa hairudi,"
akafungua dirisha
na harufu ya udongo na mbolea ikapanda.
Nami nikajisikia, sijui nisemeje,
kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu wa hesabu hakuja.
Stima iliporudi, wenzangu wote waligeukia skrini.
Mimi nilikuwa nimeshika daftari la Apondi
namsaidia kujumlisha madeni.

Usifikiri nimeokoka.
Saa nilizorudishiwa sijazijengea hata banda la kuku.
Nalala mapema, basi, na usiku mwingine
huo umapema wenyewe ni mrefu, una kona.
Mchezo siukosi. Nawakosa wao.
Nilijua saa zao za kulala kuliko nilivyojua za dada yangu.
Yule wa Brazili, nani sasa anamwamsha?

Juzi Mukhwana kanipigia. Tumebaki ngege watatu,
anasema, na wawili kati yao ni yeye.
"Ingia hata mara moja, utuponye."
Nikaenda. Kompyuta ileile, A bado haijarudi.
Nikaandika jina. Nikaandika neno la siri. Likakataa.
Nikaviachia vidole viandike vyenyewe, bila mimi,
jinsi vilivyozoea. Likakataa.
*Umesahau?* skrini ikauliza,
kwa upole ambao sikuutarajia.
Nikakaa na swali hilo
hadi dakika zangu thelathini zikaisha
na Apondi akagonga meza kwa funguo.