Malkia Alipochoma Mnara

Jumatatu, kiwanda cha samaki, Siglufjörður.
Theluji imeziba mlango wa nyuma
na Sigurlaug hajamsalimia mtu.
"Misimu sita," anasema, kisu kikipasua chewa,
"misimu sita analea yatima wa adui zake,
halafu kengele moja tu, moja, anachoma mnara?"

Hallgrim hacheki. Anavuta glavu.
"Dalili zilikuwepo. Mkumbuke yule mbwa."
"Mbwa gani?"
"Msimu wa pili. Alimtazama akizama, hakuita mtu."

Mkanda ukapita na vichwa vitatu visivyokatwa.
(Mimi nilikuwa upande wa joka,
lakini hakuna aliyeniuliza.)

"Huo si uandishi," anasema Sigurlaug, taratibu sasa,
"ni uvivu uliovishwa taji.
Mtu habadiliki hivyo, usiku mmoja."

Tukainama wote, tukashughulika na miiba.
Kwani nani asiyejua? Eyvindur, mumewe,
mtulivu kama maji ya mtungi,
aliondoka Alhamisi, kahawa ingali inafuka mezani,

na Hallgrim, na dalili zake zote,
ndiye aliyembebea sanduku hadi garini.