Uzito wa Bendera

Saa tano usiku, baridi ya kupasua mawe,
na mkahawa wa Marlys haujafungwa bado
kwa sababu hakuna anayekubali kushindwa.

Tumetoka uwanjani vidole vimekufa ganzi.
Chuo chetu, hapa Pelkola, kaskazini mwa Michigani,
kimefungwa mabao manne kwa matatu, mechi ya mwisho,
na bado ndicho bingwa wa kanda:
kwa pointi moja, kwa hisani ya wapinzani
walioteleza huko magharibi, mbali, bila sisi kuwaona.
Tumeshindwa na tumetwaa taji, usiku uleule.
Hapo mtu acheke au anune?

Reino Haapala, dereva wa tingatinga la theluji,
anapiga meza hadi chumvi inaruka.
"Mechi ishirini na sita! Oktoba mpaka Machi!
Basi lenye hita mbovu, vijana wamelala
wameegemeana kama magunia ya viazi,
wanashuka, wanakaza kamba za viatu, wanacheza.
Huo ndio ukweli wa timu. Mtoano ni nini?
Kisahani kinagonga goti la mtu, kinageuka, kinaingia,
na msimu mzima unazikwa kwa sababu ya goti."
Kisha, kama hakimu anayefunga faili:
"Mcheza kwao hutunzwa."

Delphine Cadotte hainui macho kwenye supu yake.
"Na jogoo la shamba?" anauliza, taratibu.
Meza nzima inaguna.
Sote tunajua ni wapi haliwiki.
"Mataji kumi na moja ya kanda," anahesabu kwa kijiko.
"Fainali za taifa tumekwenda mara tisa,
mara tisa tumerudi kabla nguo hazijachafuka.
Huko vyuo vikubwa wanatuuliza
kama Pelkola ni dawa ya kikohozi."

Mimi niko jikoni, nakaanga mayai,
na kwa aibu namuunga mkono kila anayesema mwisho.

Kijana wa mwaka wa pili, Thaddeus,
uso bado una rangi ya kijani ya timu, imechirizika,
anajaribu kupatanisha: "Taji la kanda ni tiketi tu,
inatuingiza mlangoni—"
"Tiketi!" Reino anasimama. "Nani huning'iniza tiketi darini?"

Hapo Verna Kivisto anaweka kikombe chini.
Hajasema neno tangu firimbi ya mwisho.
"Ile ya sabini na nne niliishona mimi.
Yadi tatu za kitambaa, herufi nyeupe nilizikata kwa shuka la harusi.
Waino alikuwa golini. Taifa walimfunga saba.
Alirudi nyumbani, hakusema kitu
Jumapili, Jumatatu, Jumanne.
Jumatano akasimama nyuma ya cherehani:
'Umefika wapi?'
Nikamwambia, kwenye B.
Akachukua sindano, akatunga uzi,
kwa vidole vilivyovimba kama soseji,
mara nne akikosa tundu, ya tano akapata.
Kabla ya kuitundika tuliipitisha posta, tukaipima.
Ratili tano na robo.
Thamani yake mtabishana nyinyi.
Mimi uzito naujua."

Kimya. Mayai yanaungua, nayaacha yaungue.
Delphine anatazama supu kana kwamba ina maandishi.
Dirishani theluji inashuka kwa mshazari,
inafunika magari ya wenye taji na ya waliofungwa,
ambayo, leo, ni magari yaleyale.

Reino anakohoa. Anakuna shavu.
"Ratili tano na robo," anasema,
"pamoja na fimbo yake, au bila fimbo?"

Verna anafungua mdomo, anaufunga.
"Bila," anasema Delphine.
"Wewe ulikuwepo?"
"Kitambaa cha yadi tatu hakiwezi—"
"Kikiwa kimelowa, kinaweza!"

Marlys anazima taa.
Tunaendelea kubishana gizani.