Chaneli ya Kwanza

Nilivinunua Luthuli, duka la ghorofa ya tatu,
vijisanduku viwili vyeusi, vinene kidogo kuliko kiberiti.
Huyu mama, huyu mtoto, akasema muuzaji.
Mama anakaa juu ya kiatu cha kamera,
mtoto unamfunga chini ya taa, unampeleka utakako.
Mama akiita, mtoto anaitika.
Na waya? nikauliza.
Akacheka. Waya ulizikwa na wazee.

Mzee wangu alikuwa nao,
umejisokota kama wa simu ya mezani,
mita mbili na kidogo.
Studio ya Kariokor, ukutani maporomoko ya maji ya rangi,
na hapana aliyepigwa picha pale
ambaye nuru ilimjia kutoka mbali zaidi
ya mita mbili na kidogo.
Tuliukanyaga tukicheza. Tulichapwa kwa ajili yake.

Jumamosi, Aboretamu. Harusi sita kabla ya saa tisa,
kila mti una gauni lake.
Wangu ni Muringo na bwana wake, chini ya mkuyu,
na nyuma yao, ndani ya magugu, binamu yangu Syombua,
amechuchumaa, taa kifuani.
Usinitazame, nikamwambia. Wewe ni jua la saa kumi na moja.
Akanijibu, jua gani linalipwa mia tano?

Nikapanga: moja ya mia mbili ya sekunde,
ukizidi hapo pazia la kamera linakula nusu ya uso.
Nikainua. Kidole bado kinaning'inia hewani

na taa ikawaka.

Muringo akapepesa.
Ikawaka tena. Bwana harusi akaniambia asante.
Ya tatu, na sauti ikatoka magugunı:
Mbona unamaliza betri?
Si mimi. Haki ya Mungu si mimi.

Basi nikabonyeza, nijue moja.
Mtoto wangu akaitika, sawa,
lakini na kule ng'ambo, karibu na kijito cha Kirichwa,
mwavuli mweupe ukalipuka juu ya watu nisiowajua,
na jamaa mwenye fulana ya mifuko mingi
akageuka kama aliyeguswa bega sokoni.

Tukatazamana juu ya nyasi na watoto na keki.
Chaneli ya kwanza, sote wawili.
Hakuna aliyefungua ile karatasi iliyokunjwa mara nane.

Wabwile, akajitambulisha. Wa Kangemi.
Amekuwa akifikiri taa yake ina mashetani tangu saa saba.
Tukacheka, kila mmoja akachukua ukucha
akazungusha kile kigurudumu cha njugu:
yeye tatu, mimi nne.
Kazi ikaendelea. Picha zilitoka vizuri,
Muringo kazipenda, hela nimelipwa, nusu.

Ila kuna kitu sijamwambia Wabwile.
Nilipobonyeza ile ya kujaribu,
yeye kamera ilikuwa kifuani, anafuta kioo.
Bibi harusi wake alikuwa ameinama kufunga kiatu,
ua limemwangukia sikioni.
Mwavuli ukawaka. Akainua uso,
akadhani amepigwa,
akatabasamu kwa kuchelewa, peke yake,
kwa picha ambayo haikuwapo.

Haimo kwenye kadi yake wala yangu.
Ataitafuta kwenye albamu, pengine, ukurasa kwa ukurasa.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu kilivuka bustani nzima bila hodi
kikamulika shavu la mtu, kikarudi mikono mitupu.
Mzee angeniuliza, na waya wako umeufunga wapi?

Syombua anataka mia tano zake.
Na za betri, anasema,
hata zile ambazo hukuwasha wewe.