Mvua ya Redio

Nilivaa hedifoni kwa adabu, naomba iandikwe hivyo.
Nyumba yetu ya Nkuhungu, kuta za ndani hazifiki bati;
ukipiga chafya chumbani, sebuleni wanakuombea afya.
Nyemo alikuwa na mtihani wa majaribio,
baba huamka saa kumi na moja kwenda kufungua mashine,
basi mimi na vita vyangu tukahamia ndani ya kichwa.

Humo nafasi ilikuwapo.
Mabomu, helikopta, Nasoro akipayuka kutoka Kondoa:
"Nyuma! Nyuma yako, we!"
Na nyayo.
Nyayo ndizo nilizoziongezea sauti,
maana gemu lile hushinda anayesikia kwanza:
jani kavu likivunjika, risasi ikiingia chemba,
pumzi ya mtu ambaye hayupo.
Nikaongeza. Kisha nikaongeza.
Alama nyekundu ya onyo ilipotua kwenye kioo
niliifukuza kwa kidole, kama nzi.

Usiku mmoja wa mwezi wa nane
upepo ulikuwa umechoka kurusha vumbi,
hata mbwa wa kwa Mboje wamelala.
Tukashinda. Nikavua.
Kimya hakikuja.
Kilikuja kitu chembamba, kirefu,
uzi wa chuma unaovutwa kutoka sikio la kushoto
na mtu asiyechoka.
Nikazima kompyuta. Nikachomoa friji.
Nikatoka uani pekupeku, nikasimama chini ya nguzo ya umeme
nikiilaumu.
Nguzo haikuwa na hatia.

Mama akasema, sikio la kufa halisikii dawa.
Lakini mama, langu halijafa.
Langu limekataa kulala.

Hospitali ya mkoa, foleni tangu alfajiri.
Daktari akagonga chuma chenye meno mawili,
akakiegemeza kwenye fuvu langu, akauliza: "Unakisikia upande gani?"
Kisha akaeleza: ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo;
vyako vimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Vingine huinuka.
Vingine, akasema, na kalamu ikasimama.
Punguza sauti. Pumzisha masikio. Usilale kwenye kimya kitupu.
Mimi nilitaka kidonge.

Jioni hiyo, ugali wa uwele na mlenda.
Baba hakuinua macho.
"Wako unalia kama nini?"
"Kama uzi wa chuma."
Akamega tonge, akalizungusha muda mrefu kuliko kawaida.
"Wangu ni mkanda wa mashine unaotaka kukatika.
Tangu mwaka aliozaliwa huyu."
Nyemo akaacha kutafuna.

Miaka kumi na saba!
Miaka kumi na saba tunamwita mara tatu ndipo ageuke,
tunanong'ona kwamba ana maringo, kwamba mzee siku hizi hatusikilizi,
na taarifa ya habari inanguruma hadi kwa jirani.
Unga wa mtaa mzima wa Kizota umepita mikononi mwake,
na kelele za unga huo zote zimebaki kwake,
hakuna aliyekuja kuzichukua na debe.
"Mbona hukusema?"
"Ningesema nini? Mnasikia?"

Nasoro kaandika: leo unaingia?
Sijamjibu. Labda nitaingia. Sauti nusu, saa moja;
nitauawa mapema, na adui nisiyemsikia.

Usiku baba alikuja na redio yake ya mbao,
ile ambayo hatukuruhusiwa kuigusa.
Akaiweka kwenye kigoda, kati ya kitanda changu na mlango,
akazungusha mshale taratibu, akapita Dodoma, akapita taarabu,
akapita mhubiri,
akasimama pasipo na stesheni yoyote.
Shhhhhhhh.
Akapunguza hadi ikawa mbali.
"Haya. Sikiliza."

Nyuma ya pazia Nyemo akageuka, sauti nzito ya usingizi:
"Nje kunanyesha?"
Mwezi wa nane. Dodoma.
"Kunanyesha," baba akasema. "Lala."

Uzi haujakatika.
Uko pale pale, chini ya mvua,
umelowa kidogo.