Dakika Mbili

Februari, Saint Paul, theluji imefika magotini.
Nimewapanga wanafunzi wangu kumi na mmoja
kwenye korido ya bunge la jimbo,
wauguzi wote, wanasomea uzamili;
wawili wametoka wodini moja kwa moja, hawajalala.

Muhula mzima nimewafundisha njia ya mswada:
nani huuandika, nani huukalia,
kamati ipi huuzika bila hata kuufanyia matanga.
Walinakili. Walifaulu mtihani.
Leo nauona mkono wa Mai Yer Thao ukitetemeka,
mkono uleule unaopata mshipa wa kichanga gizani.

Aliniletea kurasa sita. Nilikata.
Takwimu, nikakata. Shukrani kwa waheshimiwa, nikakata.
"Kwa mujibu wa tafiti", nikakata na hiyo.
Akaniuliza, "Profesa, kitabaki nini?"
Nikamwambia: kitanda namba kumi na nne.

Sasa yuko mbele ya kipaza sauti.
Mwenyekiti anatazama saa, hatazami uso.
Mheshimiwa mmoja anamenya chungwa.

"Usiku ule nilikuwa na wagonjwa tisa.
Kengele tatu zililia pamoja.
Niliitikia mbili."

Ananyamaza.
Sikumfundisha kunyamaza pale.
Chungwa limesimama, ganda lake linaning'inia.

Kisha inalia kengele ya muda,
na mwenyekiti anasema ahsante, tutalirudia jambo hili,
kwa sauti ya mtu anayefunga droo.

Ndani ya basi la kurudi Duluth hakuna anayeongea
mpaka Torvald, kiti cha nyuma, anauliza: "Tumefeli?"
Nimeleta madarasa tisa hapa.
Nimeona mswada mmoja ukipita,
nao ulipita ukiwa umeng'olewa meno.
Hilo silisemi.
Nagawa karatasi: jina la karani wa kamati,
anwani ya yule wa chungwa.
Kazi ya nyumbani. Mwandikieni, kila mtu kwa mkono wake.
Msimtukane, msimsifu.
Muulizeni tu alisikia nini
kabla mkono wake haujasimama.

Mai Yer amesinzia, shavu kwenye kioo cha baridi.
Zamu yake inaanza saa moja jioni.
Ujumbe umeingia kwenye simu yake, nausoma bila kutaka:
leo wagonjwa wake ni kumi.